Kasha la Sauti kwa Betri ya Volti 12: Uchambuzi kutoka Dranya

Mwenye kununua ubao mdogo wa amplifaya katika maduka ya Arua au Koboko aghalabu hukuta juu ya karatasi iliyoufunga maandishi ya fahari, wati 100 au hata 200; naye akiisha kuufikisha nyumbani kwake Dranya na kuuunga na betri ya sola ya volti 12, husikia sauti ambayo, ijapokuwa safi, haifanani na ahadi ile, akadhani ameuziwa kitu bandia. Bandia zipo, sikatai. Walakini katika jambo hili chanzo ni hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyoongoza kila uamuzi katika kasha nitakalolichambua hapa, ambalo lilikusudiwa kusikika uani pa nyumba, kwa redio na kwa muziki wa kwenye simu, mahali ambapo umeme wa kutumainiwa ni ule utokao juani.

Eneo la West Nile, ambamo Dranya imo, lilikaa muda mrefu nje ya gridi ya taifa ya Uganda, likitegemea mitambo ya mafuta pale Arua na, tangu mwaka 2012, mtambo wa maji wa Nyagak wenye uwezo wa megawati 3.5, ambao kwa eneo zima si kitu kikubwa. Kwa sababu hiyo watu wa vijijini walizoea paneli na betri kabla hawajazoea nguzo na mita, na fundi wa sauti wa upande huu hana budi kuanza kazi yake kwenye betri, ilhali vitabu vingi vya ufundi huanza kwenye soketi ya ukutani.

Basi tuitazame hesabu yenyewe. Amplifaya za siku hizi zenye chipu kama TPA3116D2 ya Texas Instruments huiendesha spika kwa mtindo wa daraja, yaani ncha zote mbili za spika zimo kazini, moja ikipanda wakati nyingine inaposhuka, hata kilele cha volti kinachoifikia spika kikakaribia volti zote za betri. Kilele kikiwa volti 12, nguvu ya wastani ya wimbi lililo safi ni mraba wa 12, yaani 144, ukigawanywa kwa ukinzani wa spika mara mbili. Spika ya omu 8 itapata wati 9, na ya omu 4 itapata wati 18, na kwa kweli pungufu kidogo, kwa kuwa chipu na nyaya nazo hujichukulia haki yao. Chipu hiyo hiyo hupokea hadi volti 26, na mtengenezaji hueleza kwamba kwa volti 21 na spika za omu 4 hutoa wati 50 kwa kila upande, tena sauti ikiwa imekwisha kuharibika kwa asilimia 10. Kwa hiyo aliyeandika wati 100, yaani 50 mara mbili, hakusema uongo. Alizungumza habari za volti 21, na Dranya betri ina 12.

Hapo mtu atauliza, je, si bora kutia kigeuzi cha kupandisha volti kutoka 12 hadi 24, tukazipata wati 72 mahali pa 18? Yawezekana, na wapo wafanyao hivyo. Lakini wati 72 zikitakiwa kwa mfululizo betri itadaiwa ampea zipatazo 7, na betri ndogo ya ampea-saa 7 haikuumbwa kwa mzigo huo. Fauka ya hayo, sikio la binadamu halihesabu wati kama duka linavyozihesabu: kuongeza nguvu mara nne ni kuongeza desibeli 6 tu, na ili msikilizaji akiri kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu zahitajika kiasi cha desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Desibeli 6 hizo hizo zapatikana bila kuongeza hata ampea moja, kwa kuchagua spika yenye wepesi wa kupokea, inayotoa desibeli 90 au zaidi kwa wati moja kwa umbali wa meta moja, badala ya ile ya 84 inayouzwa kwa uzuri wa umbo lake. Huu ndio moyo wa kazi yote, nami nausisitiza kwa kuwa fedha nyingi hupotea hapa: mwenye betri ya volti 12 na ainunue spika kwanza, kisha amplifaya. Spika ya besi ya inchi 8, omu 4, desibeli 90, ikipewa wati 18, hutoa kiasi cha desibeli 102 kwa meta moja. Nje uani, kwa meta 8, hubaki 84, nayo yatosha kabisa kwa watu waliokaa chini ya mwembe.

Udogo wa amplifaya hizi si mwujiza wa jana. Mnamo 1964 Mwingereza Clive Sinclair aliuza, katika vipande vya kuungwa na mnunuzi mwenyewe, amplifaya yake X-10, ambayo transista zake zilifunguka na kufungika kwa kasi badala ya kukaa nusu wazi zikiunguza umeme bure. Fikra ilikuwa sahihi, ila transista za zama zile hazikuwa na wepesi uliotakiwa. Ikabidi kungoja transista za aina ya MOSFET, na baadaye kampuni kama Tripath, ambayo chipu yake TA2024 iliwashangaza wapenda muziki wengi kwa usafi wa sauti yake kabla kampuni haijafilisika mwaka 2007. Leo chipu isiyozidi ukubwa wa ukucha hufungua na kufunga mara laki nne au zaidi kwa sekunde, na katika kila wati 10 inazopokea huipelekea spika tisa. Kwa mtu anayeuhesabu umeme wake kwa kipande cha jua, hilo lina maana kubwa kuliko sifa nyingine yoyote.

Sasa kasha lenyewe. Watu wengi huliita kasha lolote lenye amplifaya ndani kuwa ni spika hai, lakini mfumo hai kwa maana ya ufundi ni ule ambao sauti hutenganishwa kabla ya kufika kwenye amplifaya, kila spika ikawa na amplifaya yake. Na ubao wenye pande mbili, kulia na kushoto, wafaa sana kwa kazi hii, kwani upande mmoja hupewa spika ya besi na wa pili hupewa twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu. Kichujio kilichotumika ni cha mtindo wa Linkwitz na Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard, ambao Linkwitz aliuchapisha mwaka 1976: vichujio viwili vilivyofuatana, vinavyoshusha desibeli 24 kwa kila oktava, na mahali vinapokutana kila upande umeshuka desibeli 6, hata zikijumlishwa sauti haina bonde wala kilima. Mkutano uliwekwa hezi 2,000, kwa kuwa spika ya inchi 8 ikipita hapo huanza kuielekeza sauti mbele peke yake, na waliokaa pembeni wakakosa maneno ya mhubiri wa redioni. Kazi hiyo yote hufanywa na chipu ndogo za TL072 au mfano wake, zikilishwa volti 12 zile zile na kupewa kitovu cha volti 6 kwa rezista mbili na kapasita moja. Pande mbili za simu ziliunganishwa kupitia rezista za omu 1,000 kila moja. Kuziunganisha moja kwa moja ni kuishurutisha simu ipigane na nafsi yake.

Mambo mawili yataka hadhari. La kwanza ni lile daraja nililolitaja: waya wa kutoa wa spika si ethi, na fundi aliyezoea amplifaya za zamani, akiunganisha nyaya za kutoa za spika mbili au akiugusisha mmoja na bati la kasha, huiua chipu au huizima papo hapo. La pili ni mlio mwembamba, kama wa mbu, unaosikika pale kipande cha Bluetooth kinapolishwa na betri ile ile inayolisha amplifaya. Watu hulaumu chipu, hubadilisha ubao, na mlio hubaki, kwa sababu mikondo ya kidijiti ya kile kipande hurudi betrini kwa kupitia ethi ya ishara, ikaingia katika sauti kana kwamba ni sehemu yake. Dawa ni kigeuzi kidogo cha volti 5 ambacho pembejeo yake na pato lake havikuunganika kwa waya wowote, au transfoma ndogo ya sauti katika njia ya ishara. Dawa hiyo hiyo hutibu kelele ya simu inayochajiwa huku ikipiga muziki.

Ukuzaji nao uliwekwa desibeli 26, yaani mara 20, kwa kuwa volti 0.6 za kilele kutoka kwenye simu zatosha kukifikia kilele cha betri. Kuuweka 36 kungeleta mvumo tu. Twita ilipewa kapasita mfululizo, ijapokuwa kichujio kipo mbele, ili mshindo wa kuwasha usiikate. Nyaya za betri ni za milimeta mraba 2.5. Kwa umbali wa meta 5, waya mwembamba wa 0.5 hupoteza volti nzima pale mkondo ufikapo ampea 3, na volti moja katika 12 ni nguvu ya sauti iliyopungua kwa asilimia 16. Fyuzi iko kwenye betri, si kwenye kasha.

Kasha ni la plaiwudi ya milimeta 18, lita zipatazo 25, lililozibwa pande zote na kujazwa sufi kiasi. Kwa makusudi halikutobolewa tundu la kuongeza besi, kwani lataka vipimo vya spika ambavyo wauzaji wetu hawavitoi, na tundu lililokisiwa hutoa besi ya mlio mmoja. Rumba ya Kongo, inayovuka mpaka kila siku kutoka upande wa Ariwara, ina gitaa la besi ambalo waya wake mnene hushuka hadi hezi 41, na kasha la namna hii huanza kulegea katika hezi 70 hivi. Hata hivyo sikio, likiipata milio ya hezi 82 na kuendelea iliyo juu yake, huujaza lenyewe ule uliokosekana, na wachezaji hucheza. Upande wa juu hauna taabu: redio za FM, kama Radio Pacis ya Arua, hazirushi sauti ipitayo hezi 15,000, hivyo twita ya ghali haina kazi hapa.

Kuhusu muda, muziki si kilele kitupu. Wastani wake huwa wati mbili tatu, na pamoja na matumizi ya ubao na vichujio hesabu hufika 5. Betri ya ampea-saa 7 ikitumiwa nusu tu, kama inavyostahili betri ya risasi inayotakiwa kuishi, hutoa wati-saa 42, nazo ni saa nane. Akitokea mwenye fedha ya ziada anayetaka sauti ienee zaidi, asiguse amplifaya: ajenge kasha la pili kama hili, aliweke upande wa pili wa uwanja likiwa na betri yake, na hata msikilizaji aliye mbali zaidi atakuwa karibu na chanzo cha sauti kwa nusu ya umbali wa kwanza, ambayo ni desibeli 6 nyingine.