Pete ya Dhahabu Ukingoni mwa Kikombe

Kangari, Murang'a, ukungu huteremka kutoka safu ya Nyandarua kabla jua halijapata nguvu, na wachumaji huwa tayari wamezama kwenye michai hadi kiunoni. Shosho, yaani nyanya yangu, alinifunza kuchuma majani mawili na chipukizi, basi. Jani la tatu likiingia kapuni alilitoa kimya kimya akalitupa chini ya mche. Kwenye kituo cha kupokelea chai, karani aliyamwaga majani mezani, akayapekua, magumu akayarudisha kwa mwenyewe. Nilidhani ni ukali wa watu wazima tu.

Miaka ilipita hadi nikakutana, katika masomo ya kemia, na kazi za Profesa Philip Okinda Owuor. Ni mkemia aliyeitumikia chai katika Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya, ulioanzishwa Kericho mwaka 1980, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Maseno. Yeye na wenzake, Martin Obanda akiwamo, waliyachukua yale yaliyokuwa vidoleni mwa shosho wakayatafutia vipimo. Jani likikomaa, walionyesha, viambato vinavyoipa chai ung'avu hupungua, na mafuta yanayovunjika kuwa harufu ya nyasi mbichi huongezeka. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, hali huwa vivyo hivyo: kapu linajaa, kikombe kinapungua. Naipenda kazi hii kwa sababu haikumdharau mchumaji. Ilimpa ushahidi.

Kiini cha kemia hii kinaonekana hata jikoni. Menya ndizi mbichi uiache bila kuitia majini: inakuwa nyeusi. Ndani ya ndizi, kama ndani ya jani la chai, kuna kimeng'enya ambacho hukaa mbali na polifenoli mpaka seli zipasuke. Kiwandani majani hunyaushwa kwanza kwa saa nyingi, halafu mashine huyasaga na kuyachana, na hapo kimeng'enya, polifenoli na hewa hukutana. Watu wa viwandani huita hatua hii kuchachusha, ingawa hakuna hamira wala kitu kinachochacha. Ni oksijeni inayofanya kazi. Huzaliwa theaflavini, zenye rangi ya dhahabu na ladha kali ya kuchangamsha, na thearubigini, nyekundu na nzito. E. A. H. Roberts alizieleza katika miaka ya 1950, akitafiti chai ya India. Muda ukizidi, theaflavini nazo huliwa na chai hufifia. Obanda na Owuor walipima joto na dakika, wakaona kwamba ubaridi na subira hutunza dhahabu hiyo zaidi kuliko joto na haraka.

Hata kunyausha, ambako wengi hukuona kama kukausha tu, wataalamu wa chai hukugawa mara mbili: kuna maji yanayotoka, na kuna mabadiliko ya kikemia yanayohitaji muda wake hata kama maji yameshatoka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Mhandisi anayepanga feni na mabirika ya kunyausha anaihitaji. Mzalishaji wa miche mipya pia, maana lazima ajue atafute nini ndani ya jani kabla mti haujakomaa.

Halafu kuna jambo linalotugusa sisi wa Murang'a moja kwa moja. Owuor na wenzake walipanda miche ya aina moja katika maeneo mbalimbali, wakaona kwamba mavuno na ubora havilingani, wala mbolea haifanyi kazi sawa kila mahali. Kipimo cha Kericho hakiwezi kuchukuliwa kikaletwa Kangari kama kilivyo. Udongo wetu mwekundu na baridi yetu ya Julai vinadai kupimwa vyenyewe. Wakati bei inaamuliwa na ulimi wa mwonjaji mnadani Mombasa, mkulima mwenye ekari moja hana namna ya kubishana na ulimi huo isipokuwa kwa kujua kilichomo ndani ya jani lake.

Shosho hajawahi kulisikia neno theaflavini. Wiki iliyopita nilimpikia chai ya rangi, bila maziwa, jambo asilolipenda. Aliinua kikombe kuelekea mlangoni, akakiinamisha kidogo mpaka pete ya dhahabu ikaonekana ukingoni, akaniuliza nani aliyeichuma.