Madaha na Ulimi

Mpe mchezaji dakika saba jukwaani na vazi ambalo lingeweza kuvuliwa kwa nusu dakika: burleski ni kila anachokifanya katika muda unaobaki. Glavu ndefu inayopita kiwiko hulegezwa kidole kimoja baada ya kingine, na kati ya kidole na kidole kuna kusita, kuna jicho la pembeni, kuna tabasamu la kumtania aliyekaa mstari wa mbele, na mara nyingine kidole kilichokwisha kutoka kinarudishwa ndani. Mpiga ngoma anamfuata hatua kwa hatua na kutia mkazo pale nyonga inapokata. Gauni lenyewe limeshonwa tangu mwanzo kwa ajili ya kuvuliwa. Zipu imewekwa mahali ambapo mkono unafika bila mwili kujipinda, vifungo vya kubonyeza vimechukua nafasi ya kulabu, na kila kipande kina zamu yake ya kutoka. Kiatu cha mikanda kilichosahauliwa mguuni wakati zamu ya soksi imefika huvunja mchezo mzima, kwa sababu hadhira inamwona mtu anayehangaika badala ya mtu anayetawala. Huu ni ufundi kamili, na naamini ni zaidi ya ufundi: ni usemi. Anayeucheza vizuri anasema jambo kuhusu wale wanaomtazama, na analisema wakati wao wanadhani yeye peke yake ndiye anayetazamwa.

Usemi ndio asili yake. Lydia Thompson alipofika New York kutoka Uingereza mwaka 1868 na kundi lake la British Blondes, hakuja kuvua nguo. Alileta tashtiti. Mchezo wao wa Ixion uliwachukua miungu wa Kigiriki na kuwashusha mitaani, kwa mashairi yaliyojaa michezo ya maneno, nyimbo zilizobadilishwa maneno na vijembe kuhusu mambo ya wakati ule. Wanawake waliigiza nafasi za wanaume, umbo la miguu yao likionekana ndani ya nguo za kubana, katika zama ambazo mguu wa mwanamke wa heshima ulifichwa na sketi hadi sakafuni. Watu walifurika. Malalamiko yalipokuja, mengi yalitaja miguu, lakini ukiyafuatilia unaona kilichowachoma kilikuwa kingine. William Dean Howells, mmoja wa wahakiki wakubwa wa Marekani, aliandika mwaka 1869 kwamba wanawake hao hawakufanana na wanaume wala hawakubaki kuwa kama wanawake. Aliwaona kama jinsia ngeni inayozikejeli zote mbili. Howells aliona sawasawa, ila alichokiona kuwa kasoro ndicho kilichokuwa mafanikio ya kazi yao. Walikuwa wameonyesha kwamba mwendo wa kiume, sauti ya kiume na jeuri ya kiume ni mambo yanayoweza kujifunzwa, kuvaliwa na kuvuliwa kama koti. Mwaka 1870 gazeti la Chicago Times liliwashambulia kwa matusi, na Thompson na wenzake wakamchapa mhariri wake, Wilbur Storey, kwa mjeledi wa farasi barabarani, kisha wakatozwa faini. Mjeledi siutetei. Ninachokiheshimu ni kwamba walijihesabu kuwa wasanii wenye jina la kulinda, wakati mji mzima ulikuwa tayari kuwaambia kwamba hawakuwa na jina lolote.

Sanaa hii ilipodhoofika, ilidhoofika kwa kunyang'anywa ulimi. Kufikia miaka ya 1920, katika kumbi za ndugu wa ukoo wa Minsky mjini New York na nyingine nyingi za aina hiyo, kazi zilikuwa zimegawanywa: wanaume walichekesha, wanawake walionekana. Kama shule ya uchekeshaji, kumbi hizo zilikuwa na nguvu kubwa. Humo walipita Bert Lahr, Bud Abbott na Lou Costello, na mazungumzo maarufu ya Abbott na Costello kuhusu majina ya wachezaji wa besiboli yana mizizi katika vichekesho vya burleski. Lakini mwanamke aliingia muziki ukipigwa, akavua, akatoka bila kutamka neno. Ndiyo sababu Gypsy Rose Lee ana uzito wa pekee katika historia hii. Alitambua kwamba kimya ndicho kinachomgeuza mchezaji kuwa kitu cha kuangaliwa, naye akaongea. Katika Ziegfeld Follies ya mwaka 1936, huku akijivua taratibu, aliwasimulia watazamaji mambo ya kisomi yanayopita kichwani mwake wakati huohuo, wachoraji na waandishi wakiwemo. Aliyekuja kuona mwili akajikuta ndani ya akili ya mtu, tena akili inayomcheka. Lee alivua kidogo kuliko wengi wa wenzake na akapata jina kuliko wao, na hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo kwamba hadhira ililipia utani na madaha. Mwaka 1941 alichapisha riwaya ya upelelezi, The G-String Murders, inayotokea ndani ya ukumbi wa burleski. Mwaka 1950 jina lake liliorodheshwa katika Red Channels, kitabu kilichowatuhumu wasanii kwa mwelekeo wa kikomunisti. Mwili usio na sauti haungeogopwa kiasi hicho.

Kuna wanaopinga kwa hoja ya unyonyaji, na hoja yao ni ya haki. Wenye kumbi walikuwa wanaume, wateja wengi walikuwa wanaume, na msichana wa safu ya nyuma alirudi nyumbani na ujira mdogo. Wanawake weusi walibeba mzigo wa ziada. Toni Elling wa Detroit, aliyejichagulia jina hilo kwa heshima ya rafiki yake Duke Ellington, aliingia burleski baada ya kuona kwamba rangi yake inamzuia kupanda cheo kazini, na jukwaani nako akakuta milango iliyofungwa kwa sababu ileile. Haya yote ni kweli. Lakini dawa ya ujira mbaya ni ujira bora, na wachezaji wenyewe walilijua hilo: mwaka 1955 mmoja wao, Jennie Lee, aliunda mjini Los Angeles umoja wa wachezaji ili kudai mazingira bora ya kazi. Wenye mamlaka walitoa dawa nyingine. Mwaka 1937 utawala wa meya Fiorello La Guardia ulikataa kuzipa leseni kumbi za burleski za New York, kisha ukazuia hata jina la burleski lisiandikwe kwenye mabango. Waliotetewa kwa maneno ndio waliopoteza mkate. Mtu anayesema anamwonea huruma mchezaji, kisha akamfungia kazi bila kumuuliza, hajamsikiliza zaidi ya yule mteja wa mstari wa mbele.

Wengine husema sanaa ni jina la kupamba uchi tu. Swali hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1991, katika kesi ya Barnes dhidi ya Glen Theatre. Mahakama ilikubali kwamba dansi ya uchi ni usemi unaoingia, japo ukingoni, katika ulinzi wa Marekebisho ya Kwanza ya katiba. Hata hivyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaliruhusu jimbo la Indiana liwalazimishe wachezaji kufunika chuchu na sehemu za siri. Nakubaliana na majaji wanne walioshindwa, walioona kwamba ujumbe wenyewe ndio uliolengwa. Ila kwa burleski kuna jambo linalonigusa zaidi. Vipande vile vidogo ambavyo sheria ilivilazimisha vilikuwa sehemu ya vazi la burleski miaka mingi kabla ya kesi, navyo vilitiwa shanga na vishada na kugeuzwa kuwa mchezo. Sally Rand, aliyepata umaarufu katika maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933 na kukamatwa na polisi zaidi ya mara moja, alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni, na kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kwamba jicho linachelewa kila mara. Anayebishania kipande cha mwisho cha nguo anabishania mahali ambapo mchezo umekwisha.

Kwa msomaji wa Kiswahili pingamizi zito ni la heshima, na sitaki kulipita juujuu. Stara ni thamani halisi. Lakini Pwani na Visiwani inajulikana kwamba stara hufuata mahali na hadhira. Katika unyago, somo humfunza mwari kwa ngoma, nyimbo na kukata kiuno, kwa lugha ambayo haiwezi kutamkwa barazani, na mabibi walio humo ndio haohao wanaoheshimiwa mtaani. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mwalimu wa unyago na akazipeleka ngoma zake hadi majukwaa ya Ulaya. Unyago si burleski. Ni mafunzo, una miiko yake, na kwa desturi hauuzwi kwa tiketi. Hata hivyo unathibitisha kwamba mwili wa mwanamke, mzaha na maneno makali vinaweza kukaa pamoja bila aibu pale waliohudhuria wanapojua wamekuja kwa ajili ya nini. Ukumbi wa burleski una mlango, na watu wazima huuingia kwa hiari yao.

Tangu miaka ya 1990 sanaa hii imefufuka, na safari hii wachezaji wengi hubuni onyesho lao wenyewe, hushona mavazi yao na kuchagua muziki. Los Angeles ilipata kundi la Velvet Hammer mwaka 1995. Miji mingine ikafuata, na mara nyingi wanawake ndio wanaojaza viti. Wanene, wembamba, weusi, weupe, wanaume pia, wote wana nafasi, maana kinachopimwa ni ustadi wa kuushika ukumbi. Burlesque Hall of Fame, makumbusho yaliyoanzia California na sasa yapo Las Vegas, huandaa mkutano wa kila mwaka wenye usiku uliotengwa kwa wakongwe. Wanawake waliopita umri wa miaka 70 hupanda jukwaani na glavu zao, na vijana walio katika kilele cha umaarufu huketi chini kuwatazama mikono, ili wajifunze mahali pa kusita.