Siuzi, Siiuzi, Sijaiuza

Songambele, wilayani Kyerwa, ni nchi ya kahawa na migomba. Mkoani Kagera kuna biashara ya butura, yaani kununua kahawa ingali mtini, na Serikali imeipiga marufuku. Mkulima anayefuatwa na mnunuzi wa namna hiyo ana majibu matatu. "Siuzi kahawa" ni la mtu asiyejihusisha na biashara ya kahawa. "Kahawa hii siiuzi" ni la mwenye mali aliyeamua kwamba hii haitoki. "Sijaiuza" halimkatishi tamaa mnunuzi. Watu husema hivyo kutwa bila kuwaza; ufundi uliomo huonekana mtu anapojaribu kuyasema hayo matatu kwa Kiholanzi.

Kiholanzi hukana hasa kwa maneno mawili, geen na niet. Geen hukaa mbele ya nomino isiyo mahususi: Ik verkoop geen koffie. Kitenzi hakikuguswa, ukanushi umebebwa na kahawa. Kahawa ikishajulikana ni ipi, geen huondoka, niet ikaja mwishoni: Ik verkoop de koffie niet. Tofauti anayoipata Mholanzi kwa kubadili neno zima, sisi twaipata kwa irabu moja, ile i ya pili katika siiuzi. Kwa hili nawapa ushindi wazee wetu. Sikio geni huenda lisiisikie kabisa.

Kiholanzi nacho kina uzuri wake, nao ni subira. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, huanza kitenzi na ti- katika sentensi kuu, sawa na jirani zake Kihaya na Kinyankole. Kiswahili huanza na ha- au si-. Anayenyimwa hujua mapema kwamba amenyimwa. Mholanzi anaweza kutaja kahawa, akataja na siku, ndipo akatae: Ik verkoop de koffie vandaag niet. Si kwamba niet hukimbilia mwisho kila mara. Panapotajwa mahali pa kwenda hutangulia: Ik ga niet naar de markt, siendi sokoni. Na jibu la tatu la mkulima wetu huwa Ik heb de koffie nog niet verkocht, maneno saba kwa neno letu moja. Nog niet yote imo ndani ya sija-.

Niet haikupewa kazi ya kukana tangu mwanzo. Kiholanzi cha Zama za Kati kilikana kwa en mbele ya kitenzi. Niet ikaongezwa kutia nguvu, en ikachakaa, msaidizi akabaki na kazi yote. Mwanaisimu Mdenmaki Otto Jespersen alieleza mwendo huo mwaka 1917, na mwaka 2013 Maud Devos na Johan van der Auwera wakaonyesha kwamba lugha za Kibantu nazo huupitia. Kiswahili chenyewe, katika siuzi, hukana kwa ncha zote mbili, si- mbele na -i nyuma, ingawa vitenzi vyenye asili ya Kiarabu huikataa hiyo -i: twasema sijibu, sisamehe.

Ewe unayeanza Kiholanzi, usianze na jedwali la kanuni. Andika sentensi zako za kahawa, na kila mara ujiulize inayokanwa ni kahawa yoyote au hii. Ukijua hilo, geen umeimaliza. Mahali pa niet patakudai mazoezi ya muda mrefu zaidi.