Seli Shina za Sheffield na Masikio ya Kainuk

Kila panapozungumzwa tiba ya uziwi kwa seli shina, hutajwa jaribio la Chuo Kikuu cha Sheffield la mwaka 2012. Linastahili sifa, lakini nguvu yake iko mahali ambapo wengi hawatazami. Kabla ya kutibu, Marcelo Rivolta na wenzake waliwatia panya wa jangwani uziwi wa aina moja tu. Walitumia ouabaini, sumu ya msunguti, mti ambao Wagiriama na Wakamba walichemsha magome yake mpaka yakawa mazito kama lami, wakapaka mishale. Ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, sumu hiyo iliua neva zinazopeleka sauti kwenye ubongo na kuziacha salama seli za vinyweleo zinazoipokea. Kisha seli shina za kiinitete cha binadamu zikalelewa kwa protini zilezile zinazounda sikio la mimba, zikachaguliwa zilizoelekea kuwa neva, zikapandikizwa. Baada ya wiki 10, usikivu wa wanyama 18 ulikuwa umerudi kwa wastani wa asilimia 46, ingawa wengine walipona karibu kabisa na wengine hawakupata nafuu.

Walifaulu kwa sababu walijua hasa kilichoharibika. Hapo ndipo Kainuk, mpakani mwa kaunti za Turkana na Pokoti Magharibi nchini Kenya, inapohusika. Mtoto anayetoka usaha sikioni miaka nenda rudi ameharibikiwa kiwambo. Milio ya bunduki katika uvamizi wa mifugo huua seli za vinyweleo, na sindano za streptomaisini na kanamaisini za kifua kikuu zilifanya vivyo hivyo. Ukiwapandikizia hawa neva mpya, kilichoharibika kitabaki vilevile.

Kuna atakayeuliza: basi maskini wa Turkana waridhike na matone ya dawa ya usaha huku Waingereza wakingoja seli? Swali ni la haki. Ila hata tiba hiyo ikifika Lodwar kesho, atakayeipata atajulikana kwa vipimo. Kifaa kidogo kinachowekwa tunduni mwa sikio hutoa mlio mfupi, kisha husikiliza mwangwi unaorudishwa na seli za vinyweleo zilizo hai. Mwangwi ukiwapo ilhali ubongo hauitikii, mara nyingi hitilafu iko kwenye neva au kiungio chake. Huyo ndiye anayeweza kufanana na panya wa Sheffield. Usaha nao huziba mwangwi, kwa hiyo sikio lazima likaushwe kwanza. Matone yale ni sehemu ya safari hiyohiyo.

Wapo pia wanaosema kiziwi hana cha kupoteza, ajaribu kliniki yoyote inayouza seli. Anacho: usikivu kidogo uliobaki, na seli za kiinitete zisizokomaa zinaweza kuota uvimbe. Anayehitaji vipimo kwa haraka zaidi ni mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo. Koklea yake inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, na ikishajaa, si seli wala kipandikizi cha umeme kitakachopenya kwa urahisi. Apimwe masikio kabla hajaruhusiwa kutoka wodini.