Mvua Iliyoachwa Nje ya Mtihani

Novemba 2023 jarida la Science lilichapisha GraphCast, mfumo wa akili mnemba wa kutabiri hali ya hewa uliotengenezwa na Google DeepMind. Kila aliyeifuatilia habari ile amebaki na namba mbili kichwani: vipimo 1,380, na kwamba katika asilimia 90 ya vipimo hivyo mfumo mpya uliishinda HRES, utabiri mkuu wa kituo cha Ulaya cha ECMWF. Kisichosemwa ni kwamba mvua haimo katika hata kipimo kimoja kati ya hivyo. Wala haikusahauliwa. Iliondolewa kwa kukusudia, na sababu ikaandikwa ndani ya makala yenyewe. Ni uamuzi mbovu. Nasema hivyo nikiitazama wilaya ya Same, katika milima ya Upare, ambako mkulima wa Bangalala hana haja na upepo wa kilomita tano na nusu angani. Anataka kujua mvua itanyesha lini, na upande gani wa mlima.

Tuuchambue uamuzi huo, maana umepita kimya mno. Kila nukta ya gridi ya GraphCast inabeba namba 227: vitu sita katika ngazi 37 za anga, ambavyo jumla yake ni 222, na vingine vitano vya karibu na ardhi. Mvua ni kimojawapo cha hivyo vitano. Kwa hiyo mfumo ulifundishwa mvua, na kila unapoendeshwa unatoa mvua. Ilipofika zamu ya kupimwa, vilichaguliwa vitu 69 kati ya 227, vikakaguliwa kila baada ya saa 12 hadi siku ya kumi, yaani hatua 20, na hapo ndipo ilipopatikana 1,380. Mvua ikawekwa kando kwa hoja kwamba mvua ya ERA5, data ya kihistoria ya anga iliyoufundisha mfumo na ambayo ndiyo ingekuwa jibu la kusahihishia, ina kasoro zinazojulikana.

Hoja hiyo ni ya kweli, na hapo ndipo inapowafunga walioitoa. Kama mvua ya ERA5 haifai kusahihishia, imefaaje kufundishia? Walikuwa na njia mbili za heshima: waiondoe mvua hata kwenye matokeo, asiitumie mtu, au waipime kwa vipimamvua na setilaiti kisha wachapishe alama iliyopatikana hata kama ni ya kuaibisha. Wakachagua ya tatu. Namba ya mvua inatoka kila baada ya saa sita, ina desimali zake, inachorwa kwenye ramani yenye rangi nzuri, na haina alama yoyote katika mtihani ule. Anayeipokea huku chini anadhani imo ndani ya ile asilimia 90.

Na kasoro yenyewe si ndogo. ERA5 ni historia ya anga iliyojengwa upya na ECMWF kwa kuchanganya vipimo na modeli. Joto, upepo na unyevu hurekebishwa kwa maputo, ndege, setilaiti na vituo vya ardhini. Mvua haipati matunzo hayo. Mvua ya ERA5 ni utabiri wa muda mfupi wa modeli yenyewe, na nchi ambako mvua iliyopimwa kwa rada na vipimamvua iliingizwa ndani ni Marekani. Kwa Upare, basi, mvua yote ya ERA5 imebuniwa na modeli yenye gridi ya kilomita 31. Hakuna tone lililokusanywa kwenye chombo Chome au Mbaga lililoingia humo likaisahihisha.

GraphCast yenyewe inatumia gridi ya robo ya nyuzi. Hapa petu, karibu na ikweta, hiyo ni kilomita 28 kwa 28, takriban kilomita za mraba 770 zinazopewa namba moja. Anayeijua Same hahitaji kuelezwa ubaya wake. Mji uko upande wa magharibi wa mlima, mvua inakokatikia, katika nchi ya mkonge na miiba. Kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, kiko ndani ya mraba uleule au wa jirani, na msitu wa Chome unashinda umelowa. Ng'ambo ya mashariki kuna tangawizi ya Mamba Miamba, na chini yake tambarare ya mpunga ya Ndungu. Yote hayo yanalainishwa kuwa mteremko mmoja mpole usioweza kukamata wingu. Chukua hesabu rahisi: milimita 100 zikianguka kwenye sehemu moja ya kumi ya mraba na kwingine kukawa kukavu, mraba wote unasoma milimita 10. Aliyekuwa kwenye ile sehemu ya kumi kakumbwa na mafuriko, na ramani inamwambia kulikuwa na mvua ya kupandia mahindi.

Halafu kuna jinsi mfumo ulivyoadhibiwa wakati wa kujifunza. GraphCast ilifundishwa kupunguza wastani wa kosa lililozidishwa kwa lenyewe. Ukitabiri dhoruba Same nayo ikaangukia Mwanga, unalipa mara mbili: kwa mvua uliyoitaja isikokuwako, na kwa ile usiyoitaja ilikonyesha. Mfumo unaofunzwa hivyo hujifunza uoga. Kadiri siku za mbele zinavyoongezeka ndivyo unavyotandaza manyunyu kila mahali ili usikosee sana popote. Kwa joto, uoga huo unavumilika. Kwa mvua za vuli, ambazo mara nyingi ni dhoruba chache zinazoamua msimu mzima, haufai kabisa.

Machi 2006 bonde la mto Makanya, lenye kilomita za mraba 300 tu, lilipata zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa tatu, na mafuriko ya ghafla yakaharibu vibaya maeneo ya chini. Bonde zima halifikii nusu ya mraba mmoja wa GraphCast, na saa tatu zinamezwa ndani ya hatua yake moja ya saa sita. Sasa tazama miaka ya mafunzo: 1979 hadi 2017. Siku ile imo. Mfumo uliisoma siku ya gharika ya Makanya kama ERA5 ilivyoisimulia, ukaambiwa hiyo ndiyo kweli.

Tunaijua kweli ya siku ile kwa sababu ya watu ninaowaheshimu kuliko maabara nyingi zinazotajwa leo. Mradi wa utafiti ulioitwa SSI, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, UNESCO-IHE ya Delft na wenzao, ulikuwa umeweka vipimo ndani ya bonde, kwenye mashamba na kwenye mito inayojaza ndiva, yaani mabwawa madogo ya kumwagilia. Gharika ilipokuja, mto haukupimika kwa njia za kawaida. Wakakadiria kilele chake kutokana na korongo lenyewe, kisha wakakilinganisha na mvua iliyopimwa ndani ya bonde. Marloes Mul na wenzake wakachapisha kazi hiyo mwaka 2009, na hitimisho lao ni pigo kwa kila mwenye gridi pana: ndani ya bonde lile dogo, mvua ilitofautiana sana kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Msomaji ambaye hajawahi kuona kipimamvua kikisomwa aelewe ni kazi ya namna gani. Saa tatu asubuhi msomaji wa kituo anafungua mfuniko, anamimina maji kwenye silinda ya kioo, anainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, anasoma chini ya mpindo na siyo kwenye kingo zinazopanda, anaandika kwa kalamu, anamwaga, anarudisha chombo. Siku ya mvua hapa petu inaanza na kuisha saa hiyo ya tatu. Saa za kompyuta za hali ya hewa zinafuata Greenwich, na siku ya Greenwich inageuka saa tisa usiku kwetu. Mvua ya alfajiri, basi, inaandikwa jana upande mmoja na leo upande wa pili. Asiyejua hilo atalinganisha daftari na modeli, aone makosa yasiyokuwako, akose kuyaona yaliyoko. Nimeshaona ripoti zenye vifuniko vya kung'aa zilizoteleza hapo hapo.

Wakubwa wa zamani hawakuleta chombo mahali bila kupapima kwanza. Mpango wa malaria wa Pare-Taveta, ulioendeshwa na taasisi ya Amani chini ya Bagster Wilson, ulianza kupima mwaka 1954: damu za watu, mbu, vizazi na vifo. Nyumba zilikuja kupuliziwa dawa ya mbu ya dieldrin mwaka 1955. Dawa ilikomeshwa 1959, upimaji ukaendelea. Dawa ile ina maswali yake mengine, lakini mpangilio wa kazi ulikuwa sahihi: kwanza ijue hali ilivyo pale pale unapotaka kuingia, ndipo ulete chombo chako. Hawakukubali takwimu za kwingine zisimame badala ya Gonja au Kisiwani.

Upande wa tiba wameendelea kulishika somo hilo. CAD4TB, programu inayosoma picha za eksirei ya kifua kutafuta dalili za kifua kikuu, ilijaribiwa kwa picha za wagonjwa wa hapa nchini na watafiti waliokuwa na Taasisi ya Afya Ifakara kule Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. WHO ilipozikubali programu za aina hiyo Machi 2021, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, haikutaja alama moja ya kukatia kwa dunia nzima. Ilizitaka nchi zijipimie zenyewe, kwa watu wao. Zahanati ikishauriwa hivyo, kwa nini ofisi ya kilimo ishauriwe vingine?

Jambo jingine nimelisema sana na sitaliacha. Kila inapotajwa kuwasaidia watafiti na wafanyabiashara wetu waingie kwenye kompyuta kubwa na akili mnemba, mazungumzo yanakimbilia chuma. Tumewahi kupata kompyuta kubwa za Param kutoka India. Ranger ya Texas, iliyowashwa 2008 na kuzimwa 2013, ilivunjwavunjwa, baadhi ya makabati yake yakagawiwa vyuo vya Afrika kupitia CHPC, kituo cha kompyuta kubwa cha Afrika Kusini. Waliofundisha mafundi wa kuyaendesha walifanya kazi nzuri. Lakini chuma siyo kilichokwamisha utabiri wa Same. GraphCast ilifundishwa kwa vichakataji 32 kwa takriban wiki nne, na ikishafundishwa inatoa siku kumi kwa chini ya dakika moja kwenye kichakataji kimoja. Kuiendesha kumekuwa rahisi. Kinachokosekana ni namba za mvua za mlimani za kuihukumu, na mtu anayelipwa kuzilinganisha.

Haki yao nawapa. Kasi ile ni ya ajabu, na GenCast ya Desemba 2024, kutoka maabara ileile, imeondoa sehemu kubwa ya uoga nilioulalamikia. Kituo cha hali ya hewa cha ICPAC cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Oxford na WFP wamefunza mfumo wa mvua ya Afrika Mashariki kwa data za setilaiti za IMERG, gridi ya sehemu ya kumi ya nyuzi, na unaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kazi safi, ingawa setilaiti nayo hukosa mvua ya mawingu mafupi yanayojikamua kwenye miteremko, na Upare inayo mingi. India mwaka 2025 ilipeleka utabiri wa kuanza kwa mvua kwa wakulima milioni 38 kwa kutumia mifumo ya akili mnemba, baada ya kuipima katika jambo hilohilo, tarehe ya kuanza kwa mvua.

Huo ndio mpangilio ninaoudai kwetu. Kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) cha Same kiko chini, upande mkavu, na peke yake hakiwezi kusema habari za Chome wala Mamba Miamba. Mtihani wa haki unahitaji mvua za kila siku za baada ya 2017, ambazo mfumo haujawahi kuziona, kutoka juu na chini ya mlima, magharibi na mashariki. TMA wazifungue rekodi walizo nazo za Upare bila kumlipisha mtafiti. Vyuo vya Sokoine na Nelson Mandela ya Arusha vitoe mwanafunzi mmoja mmoja wa kuzipambanisha na mifumo hiyo, saa tatu asubuhi kwa saa tatu asubuhi. Makala ya Makanya iko wazi katika jarida la Hydrology and Earth System Sciences, inasomwa bure, na inaonyesha jinsi ya kuanza. Mpaka hapo, halmashauri ya Same isikubali namba ya mvua ya mfumo wowote itumike kukata fidia ya bima ya mazao, wala kupanga dawa za malaria za zahanati, kabla mwenye mfumo hajaweka mezani alama alizopata Same.