Mwezi Usiotakiwa Ziwani

Iombe mashine ya kutengeneza picha ikuchoree wavuvi wa ndagala usiku mbele ya mji wa Baraka, na mara nyingi itakuletea mwezi mpevu. Mwezi mkubwa, mweupe, na njia yake ya fedha juu ya maji hadi kwenye mtumbwi. Picha inapendeza. Mgeni ataisifu. Mtu wa Baraka ataitupia jicho mara moja na kujua kwamba aliyeitengeneza hajawahi kulala karibu na Ziwa Tanganyika, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa ndagala hukaa nchi kavu. Ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, huvutwa na taa. Ziwa zima likiwa jeupe kwa mbalamwezi, taa ya mvuvi haina nguvu tena. Siku hizo nyavu hushonwa na mitumbwi huzibwa matundu. Usiku wa kazi ni usiku wa giza, na ndipo unapoona taa zimetapakaa majini kutoka ufukweni mpaka kule kwenye rasi ya Ubwari.

Kuuondoa mwezi huo ni ufundi, nami nataka kuusifu. Wengi hudhani picha za akili bandia hazina fundi: unaandika maneno, unabonyeza, unapokea. Anayefikiri hivyo atabaki na mwezi wake. Aliyejifunza kugeuza vipimo vya mashine, kimoja baada ya kingine, atapata usiku wa Baraka ulivyo.

Tuingie ndani ya mashine yenyewe. Modeli ya Stable Diffusion, iliyoachiwa watu wote mwezi Agosti 2022, ndiyo iliyofungua mlango kwa mafundi wa kawaida, kwa kuwa kila kipimo chake kiko wazi na unaweza kukigusa. Inaanza na chengachenga tupu, zile za televisheni iliyokosa stesheni. Kisha hatua kwa hatua inazisafisha, ikikisia kila mara ni chengachenga zipi za kuondoa ili kinachobaki kifanane na maneno uliyoandika. Chengachenga za mwanzo hutokana na namba moja iitwayo mbegu. Mbegu ileile, maneno yaleyale na vipimo vilevile kwenye modeli ileile hurudisha picha ileile. Hapa ndipo ufundi unapoanzia. Anayebadilisha mbegu kila mara anacheza bahati nasibu. Anayeishika mbegu moja na kugeuza kitu kimoja tu ndiye atakayejua kitu hicho kinafanya nini.

Idadi ya hatua ndiyo kipimo kinachowadanganya wengi. Mtu huona nafasi ya kuandika 150 akaandika 150, akiamini kazi nyingi huleta uzuri mwingi. Kwa sampla nyingi, yaani kanuni za kusafisha chengachenga, hatua 20 hadi 30 zinatosha; kuanzia hapo picha karibu haibadiliki, unachoma umeme tu. Zipo sampla nyingine, kama Euler a, zinazotia chengachenga mpya katika kila hatua, na hizo picha yake huendelea kuhama hata ukiongeza hatua. Ni vizuri kujua unatumia ipi kabla ya kulaumu maneno yako.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachoandikwa CFG kwenye skrini, nami hukiita kiwango cha utii. Katika kila hatua mashine hukisia mara mbili: mara moja ikiwa na maneno yako, mara moja bila hayo. Kiwango cha utii huamua tofauti ya makisio hayo mawili ikuzwe kiasi gani. Kikiwa chini, mashine inaota ndoto zake na kukusahau. Kikipita 15, rangi zinaungua, ngozi inakuwa ya plastiki, maji yanakuwa ya buluu isiyopatikana duniani. Ni kama karabai: pampu chache na mwanga ni hafifu, pampu za kupita kiasi na taa inatoa ndimi za moto badala ya kung'aa. Kwa modeli za mwanzo za Stable Diffusion, kati ya 5 na 8 ndipo picha nyingi hukaa vizuri.

Sasa turudi kwa mwezi. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kuandika "bila mwezi" ndani ya agizo lake. Mwezi unakuja, pengine mkubwa zaidi, kwa sababu sehemu inayosoma maneno husikia "mwezi" vizuri kuliko inavyosikia "bila". Mahali pa mwezi ni kwenye kisanduku cha pili, kile cha mambo yasiyotakiwa. Maneno ya kisanduku hicho huingizwa katika yale makisio ya pili, yaliyokuwa bila maneno, hivyo kila hatua picha inasukumwa mbali nayo. Ndiyo maana kisanduku hicho hakina kazi kiwango cha utii kikiwa 1: hakuna makisio ya pili, kwa hiyo hakuna pa kusukumia. Fundi anayelijua hili hapigi kelele na mashine. Anapandisha utii hadi 7, anaandika mwezi kwenye kisanduku cha pili, anaishikilia mbegu yake, na anga linafunga giza huku mitumbwi ikibaki palepale ilipokuwa, au karibu na hapo.

Jua nalo lina matatizo yake. Andika jioni kwenye Ziwa Tanganyika na utapewa jua jekundu linalozama majini. Nadhani najua sababu: picha nyingi za ziwa hili zilizomo mtandaoni zimepigwa Kigoma na Bujumbura, ambako mpigapicha husimama upande wa mashariki akitazama milima ya Kongo. Sisi wa Baraka tuko chini ya milima hiyo. Jua letu huzama mgongoni, nyuma ya milima ya Mitumba, na ufuko huingia kivulini wakati vilele vya Ubwari ng'ambo bado vina mwanga wa dhahabu. Asubuhi ndipo jua hutoka upande wa maji. Kwa hiyo, ukitaka wavuvi wanaoondoka jioni, usiandike machweo kabisa. Andika ufuko uliomo kivulini, milima ya mbali yenye mwanga wa mwisho, anga tulivu. Kigoma na Baraka ziko pande tofauti za ziwa, na picha moja haiwezi kuzitumikia zote mbili.

Somo hilo linahusu majina yote. Ukiandika "Afrika" mashine inaleta mti wa mgunga na nyasi kavu. Ukiandika "Kongo" inaleta msitu mzito au askari mwenye bunduki. Ukiandika "Fizi", eneo letu hapa, haijui unasema nini. Basi acha majina, andika kile jicho linachokiona: vilima vya nyasi, shamba la mihogo kwenye mteremko, nyumba za matofali ya kuchoma na mabati, barabara ya udongo mwekundu. Na kwa modeli hizi za mwanzo, inabidi uandike kwa Kiingereza. Msomaji wao wa maneno, CLIP, alifundishwa na OpenAI kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo, nayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Linaniuma hilo, nami silifichi. Mzee wa ziwani anayeweza kuueleza usiku wa ndagala kwa Kibembe au Kiswahili kitamu hana sauti mbele ya mashine hiyo mpaka apate mkalimani. Modeli mpya zinasikia lugha nyingi zaidi, ila nyingi zao zimevificha vipimo, na fundi amebaki na ombi bila usukani.

Kuna mahali ambapo hakuna kipimo kitakachokusaidia. Omba kinyago cha alunga cha Wabembe, kile kikubwa cha kuvaa kichwani, chenye nyuso mbili na macho mapana yaliyochimbwa ndani. Utapata kinyago cha sokoni, mchanganyiko wa makabila matano. Mashine inaweza hata kuwachanganya Wabembe wetu na Wabeembe wa Kongo-Brazzaville, watu wengine kabisa wenye sanamu ndogondogo za aina nyingine. Pandisha utii utakavyo. Kisichokuwemo darasani hakikamuliwi kwa kukaza. Hapo unahitaji picha yako mwenyewe. Unaipa mashine picha uliyoipiga kwa simu na kuchagua nguvu ya mabadiliko kati ya 0 na 1. Kwenye 0.3 inabadilisha mwanga na rangi tu, kwenye 0.8 imeshakutupia picha yako. Mahali pa kazi ni katikati, ambapo mstari wa Ubwari unabaki ulivyo na taa zinaongezwa. Mwaka 2023 Lvmin Zhang na wenzake wa Stanford walitoa ControlNet, inayoifunga mashine kwenye mistari ya picha uliyoipa. Kwa hiyo mtumbwi wa ndagala, yaani ile mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa miti, wavu ukishushwa katikati yake, haugeuki tena kuwa jahazi lenye tanga la pembetatu.

Kwetu ufundi huu una bei. Mega za intaneti zinanunuliwa, betri inategemea sola, na mashine unayoitumia iko mbali kwenye seva za watu. Ndiyo maana napenda utaratibu wa mafundi wenye subira: anza na picha ndogo na hatua chache ili uone mpangilio tu, chagua mbegu iliyokaa vizuri, ndipo upandishe ukubwa. Modeli za mwanzo zilifundishwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512. Ukizilazimisha kuchora pana kuliko hapo zinarudia vitu, unapata upeo mara mbili au mvuvi mwenye kichwa cha pili. Toleo la SDXL la Julai 2023 lilipandisha kipimo hicho hadi 1024. Chora kwenye ukubwa ambao modeli inaujua, kisha kuza.

Na kazi hii ina manufaa ya karibu. Chukua bango la kuzuia kipindupindu, ugonjwa unaorudirudi mwambao huu. Mama anachota maji kwa bidoni la njano. Mkono umetoka na vidole sita. Fundi hatupi picha nzima: anapaka sehemu ya mkono tu, anaiachia mashine ichore upya hapo peke yake, na uso wa mama na maji nyuma yake havigusiki. Mtazamaji akiona ufuko anaoujua na mkono ulio sawa, atasoma maandishi ya chini. Akiona mgunga na mwezi, atapita.

Lakini makosa nayo husafiri. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita hapa kwa mtumbwi akielekea Uvira, akaiandika Ubwari kuwa kisiwa. Ni rasi. Alikuwa mpitaji, na kosa la mpitaji liliingia kwenye maandishi yake na kusomwa mbali. Picha za mashine husafiri kwa kasi kubwa zaidi, tena katika eneo ambalo watu wamekimbia vita mara nyingi na ambamo picha moja ya nyumba zinazoungua ikitumwa kwenye simu inaweza kukihamisha kijiji. Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu wa Baraka, Fizi na Uvira: msichore tukio ambalo halijatokea mkaliita habari. Hifadhini mbegu na vipimo vya kila picha mnayoitoa, na chini yake andikeni kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba imetengenezwa kwa mashine.