Kumeza kama Shambulio la Asili: Kanuni za Mapigano za Dungeons & Dragons na Ngano ya Masala Kulangwa

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mapigano huamuliwa kwa kete na kanuni. Dungeons & Dragons, iliyochapishwa Marekani mwaka 1974, ndiyo iliyoweka msingi wa michezo hiyo. Kwa mujibu wa kanuni zake zilizorekebishwa mwaka 2003, mtu anayepigana kwa mikono mitupu bila mafunzo maalumu huhesabiwa kuwa hana silaha: akimrushia ngumi adui mwenye silaha, adui hupata nafasi ya kumpiga kwanza. Mnyama mwenye meno na makucha, kinyume chake, huhesabiwa kuwa na silaha wakati wote. Sehemu hii inahakiki shambulio moja la asili, yaani kumeza, kwa kulilinganisha na ngano ya Kisukuma inayosimuliwa katika maeneo ya Shinyanga na Geita.

Mfano bainifu ni mnyoo mkubwa wa zambarau. Humkamata mtu kwa kinywa na kumwingiza tumboni, ambako mtu huyo hupoteza alama za uhai kila zamu kwa kubanwa na kuunguzwa na asidi. Aliyemezwa anaweza kujitoa kwa silaha nyepesi yenye makali au ncha, akilijeruhi tumbo kwa alama 25. Akishatoka, misuli huliziba tundu, na aliyebaki ndani hana budi kujikatia njia yake mwenyewe.

Katika ngano, zimwi Shing'weng'we amewameza watu wote isipokuwa mwanamke mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, anakua akiuliza walipo wengine. Hatimaye anamuua Shing'weng'we na kumpasua, na watu wote wanatoka. Hata hivyo, katika kupasua anamkata sikio bibi kizee mmoja, ambaye anamtukana na kujaribu kumroga. Dawa ya kumponya inapatikana, ndipo kijana anafanywa mtemi.

Tofauti mbili zinadhihirika. Kwanza, katika kanuni wokovu hutoka ndani na ni wa mtu mmoja. Katika ngano hutoka nje, na mpasuo mmoja unawatosha wote. Pili, kanuni huhesabu jeraha la tumbo peke yake, ilhali ngano inahesabu pia jeraha la aliyeokolewa, na inamtaka mwokozi alitibu kabla ya kupewa utemi.

Inaweza kudaiwa kwamba kanuni imebuniwa ili kila mchezaji awe na la kufanya katika zamu yake, hata akiwa tumboni. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kwa nini tundu lizibe. Katika ukanda wa machimbo ya dhahabu, kumezwa si fantasia tupu. Mwaka 2015, wachimbaji watano waliofukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Nguvu zao ziliwafikisha siku hiyo. Waliowafungulia njia walikuwa nje.

Hivyo basi, atakayeigeuza ngano hii kuwa mchezo kwa kumpa Shing'weng'we kanuni ya mnyoo atalipata zimwi na kumpoteza Masala Kulangwa. Kanuni inayofaa sharti iache tundu wazi, na imwandikie bibi kizee jeraha lake.